Difu ya Gatuanyaga

Vijana wangu wa gereji, mliponiaga kwa soda na keki mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Kusahau bado sijaanza. Nimekubali kuandika kwa sababu siku ile ile ya kuniaga, nikiwa na kipande cha keki mkononi, nilimwona mmoja wenu akibandua kifuniko cha difu kwa patasi na nyundo. Jina lake silitaji. Anajijua, na kifuniko kinamjua.

Sitaandika nilivyopanda ngazi wala nililipwa nini, maana hayo hayajawahi kukaza nati. Nitaandika juu ya difu. Watu wengi wana maneno mengi juu ya injini, lakini ukiwaambia wafungue difu wanakumbuka wana mgonjwa nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Thika. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, nje Kikuyu, na shuleni Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda msalani. Nilipomaliza shule mjomba wangu, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni, alinipeleka kwa Fundi Kamande, mwenye gereji ya mabati upande wa viwandani. Nilikwenda nimevaa suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi. Kamande alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akauliza, "Sarimu, wewe umekuja kazi ama umekuja harusi?" Jina langu ni Salimu, lakini hiyo eli ilimshinda maisha yake yote, nami sikuona haja ya kumrekebisha.

Siku hiyo ya kwanza alinipa karai la petroli na gia za difu zilizojaa oili nyeusi, akaniambia nizioshe. Nikaosha. Halafu akaniambia nifumbe macho, nipapase meno moja moja, nimwonyeshe lililolika. Nilimwonyesha lisilo lenyewe, akanirudishia karai. Ilipita miezi kabla vidole vyangu havijaanza kuona. Suruali ile ya pasi iliishia kuwa matambara ya kufutia mikono, na ilifanya kazi hiyo vizuri kuliko ilivyowahi kufanya ya kwanza.

Kamande alikuwa na sheria moja ambayo wateja waliipenda na sisi mafundi tuliilalamikia. Gari likishatengenezwa halijaribiwi kwenye lami mbele ya gereji. Fundi anapanda pamoja na mwenye gari, wanakwenda mpaka kwenye barabara ambayo gari hilo hupita kila siku, hata kama ni huko machimboni au kwenye mashamba ya kahawa, na linajaribiwa huko. "Kwa lami kila gari iko sawa," alikuwa akisema. "Peleka kwao uone kama itakusarimia." Nimeifuata sheria hiyo mpaka siku ya mwisho, na imenirudisha nyumbani na matope mara nyingi kuliko ninavyoweza kumweleza mke wangu.

Sasa, kama karatasi hii imeangukia mtu asiyejua difu, difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Inapokea nguvu kutoka kwa injini na kuigawia magurudumu mawili. Difu ya kawaida ina tabia moja mbaya. Gurudumu moja likiingia kwenye matope na kukosa pa kushika, nguvu yote inakimbilia huko huko, gurudumu linazunguka bure, na lile jingine lililo pakavu linatazama tu. Ndiyo maana magari mengine yaliwekewa difu ya pleti. Ndani yake kuna pleti nyembamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani. Gurudumu moja likitaka kutoroka, pleti hubanana na kulilazimisha lile jingine lisaidie. Pleti zikilika hazibanani tena, na hapo una difu ya kawaida bila wewe kuambiwa.

Kesi ngumu ya kwanza niliyopewa ilikuwa lori dogo la kubebea mawe, lililokuja kwetu likivutwa. Kuna mafundi ambao wakiona difu imechoka wanachukua mashine ya kuchomelea na kuziunganisha gia za ndani ziwe kitu kimoja. Kwenye matope gari hilo linapanda bila wasiwasi. Shida iko kwenye kona za lami, kwa sababu gurudumu la nje linataka kwenda haraka kuliko la ndani, na limefungwa, haliwezi. Tairi zinalia, na siku moja shafti ya gurudumu inakatika. Ya lori hili ilikatika mjini, mzigo ukiwa juu, na mawe yakamwagika mpaka kwenye mlango wa kinyozi. Hakuna aliyeumia, ila kinyozi aliacha nusu ya kichwa cha mtu akatoka kupiga kelele. Kamande hakumtukana fundi aliyechomelea. Alinipa grainda nikate, nami nikakata huku nikitukana kwa niaba yake.

Alipozeeka na kufunga gereji, alinipa spana yake ya kupima nguvu, ile ndefu yenye mshale, nikahamia Ruiru na kufungua kwangu. Ruiru nilikuta desturi nyingine. Kule Thika kwa Kamande watu waliacha gari na kwenda zao. Ruiru mteja anakaa na gari lake. Anakuja asubuhi na mkate na chaja ya simu, anaketi hapo akikutazama mikono mpaka urudishe nati ya mwisho, kwa sababu kila mtu ana binamu aliyeacha gari lenye alternata nzima, ile ya kuchaji betri, akarudishiwa ya kuokotwa. Wengine wanapiga picha kila spea. Wengine wanaweka alama kwa msumari. Mafundi wenzangu walilichukulia hilo kama tusi. Mimi nilitengeneza benchi, nikaweka mwavuli, na ikifika saa nne nilipeleka chai. Mtu aliyekunywa chai yako bado anakuchunga, lakini anakuchunga kwa adabu.

Mkali kuliko wote walioketi kwenye benchi hilo alikuwa Wanjiru. Alikuwa akifanya kazi saluni moja ya Mwiki, upande wa kucha, na zake mwenyewe zilikuwa ndefu kiasi kwamba nilijiuliza anashikaje usukani. Alikuja Alhamisi moja, mvua za masika zikianza, akiendesha gari kuukuu la Kijapani lenye mgongo mrefu, lililokuwa safi ndani kama sebule.

"Fundi, hii gari ilikuwa ya baba," aliniambia kabla hata ya salamu kukamilika. "Baba akiwa hai ilikuwa inapanda ile mlima ya kwetu ikicheka. Siku hizi ikiona matope inazungusha tairi moja tu, inakaa hapo."

"Kwenu ni wapi?"

"Gatuanyaga, ndani kabisa. Mami ako huko. Ana shida ya figo, lazima afike dialysis Thika kila Jumatano na Jumamosi. Jana tulisukumwa na watu. Kesho kutwa mvua ikinyesha vile wanasema, hakuna mtu atatusukuma."

Nikamuuliza kuhusu pikipiki. Akanijibu kwamba mama yake alipanda pikipiki msimu wa mvua uliopita wakaanguka kwenye udongo mweusi, na kwamba akitoka kwenye ile mashine ya kusafisha damu hana nguvu hata ya kumshikilia dereva. Akikosa siku yake maji yanamjaa mwilini, miguu inafura, halafu kifua. Daktari alikuwa amewaambia waziwazi asikose. Nikamuuliza kwa nini asimlete Mwiki wakae pamoja.

"Fundi, wewe umewahi jaribu kutoa mama Mkikuyu kwa mbuzi zake?"

Sikuwahi. Basi nikaelewa kazi ilikuwa nini. Haikuwa difu tu, ilikuwa ni yule mama kufika Thika Jumamosi asubuhi.

Niliinua magurudumu yote mawili ya nyuma na kuliweka gari kwenye stendi. Nikazungusha moja kwa mkono. Lile jingine lilizunguka kinyume, laini kabisa, na kwenye difu ya pleti halipaswi kuwa laini hivyo. Nikashusha moja chini, nikaweka spana ya Kamande kwenye lile lililobaki juu, nikavuta. Mshale haukujisumbua kusogea. Nikafungua kifuniko, kwa spana, siyo kwa patasi, na oili ikatoka nzito kama uji wa wimbi. Niliisugua kati ya vidole. Ilikuwa na unga wa mbao.

Wanjiru alikuwa amesimama begani kwangu. Nikamweleza kwamba huo ni ujanja wa zamani wa wauza magari. Difu ikilia, unaitilia unga wa mbao inanyamaza mpaka mnunuzi afike nyumbani. Marehemu baba yake aliuziwa ukimya, na unga ule ulikuwa umezila pleti pole pole kwa miaka. Pleti zenyewe zilipotoka zilikuwa nyororo kama shilingi ya zamani, nyingine zimegeuka bluu kwa joto. Mutua, fundi mwenzangu, alitumwa Nairobi kwa wanaovunja magari, akarudi jioni na seti nzima, kuukuu lakini nene, zenye mikwaruzo yake yote. Nilizipima moja moja nikaridhika. Wanjiru naye alizihesabu.

Ijumaa asubuhi nilikagua beringi na gia, zilikuwa bado na maisha. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeosha zile pleti nzuri kwa petroli, nikazikausha kwa upepo wa kompresa, nikazipanga kwa utaratibu wake juu ya kitambaa cheupe. Nikaenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Mutua alikwenda kula, na Wanjiru akabaki kwenye benchi akichunga.

Niliporudi nilizilowesha pleti kwenye oili, nikazipanga ndani ya nyumba yake, lile ganda la chuma linalozishika, nikafunga, nikarudisha difu chini ya gari na kujaza oili ile maalum ya difu za pleti. Msijaribu kuweka ya kawaida, pleti zitawalilia. Spana ya Kamande safari hii ilinipa mshale nilioutaka. Nikamwambia Wanjiru apande, twende uwanjani.

Difu ya pleti ikitoka mkononi inahitaji kuzungushwa pole pole, kona ya kushoto, kona ya kulia, kama mtu anayeandika nambari nane, ili oili iingie kati ya pleti. Tulikwenda kwenye uwanja wa mpira uliokuwa na mbuzi wawili na goli moja. Kona ya kwanza difu iligonga. Sikujali, pleti kavu hufanya hivyo. Kona ya pili iligonga zaidi. Kadiri oili ilivyopata joto, ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya, inashika kwa ghafla, inaachia kwa ghafla, mpaka mkia wa gari ukawa unaruka kando. Mbuzi waliondoka.

Tulirudi gereji, Mutua akasema tuongeze dawa ya oili. Tukaongeza, tukarudi uwanjani, ikawa vile vile. Hapo simu ya Wanjiru ikalia. Alizungumza Kikuyu kwa sauti ya chini, akaikata, akakaa akiwa ameishika tu.

"Mami anasema kwetu kumenyesha tangu saa nane," alisema. "Na viatu hazimuingii."

Nilijua maana yake. Nilijua pia kwamba gari lenye difu ya kushikashika namna ile ni baya kuliko lenye difu iliyokufa. Iliyokufa inakuacha hapo hapo. Hii ingemtupa mama wa watu mtaroni nusu ya mlima. Nikamwambia Mutua alete jeki.

Pleti zilizopangwa sawa, ukigeuza nyumba yake zinatoka zenyewe moja baada ya nyingine. Hizi hazikutoka. Nilizichokonoa kwa bisibisi ndogo, na kila moja ikatoka ikivuta utelezi kama gundi kwenye yale masikio yake, zile ncha zinazoingia kwenye mfereji ili pleti iweze kuteleza mbele na nyuma. Zilikuwa zinanasa badala ya kuteleza. Nikanusa. Nina mabinti watatu, na harufu ile naifahamu kuliko ya oili. Ilikuwa rangi ya kucha, ile isiyo na rangi.

Nilipogeuka Wanjiru alikuwa ameshasimama.

"Uliweka nini hapa?"

"Niliweka alama," alisema. "Ukiwa msikiti. Anko yangu aliniambia kuna mafundi wanakuonyesha spea mpya, halafu wanafunga ile ya zamani, ile nzuri wanauza. Na ukiweka alama inaonekana, wanaikopi. So nikaweka clear, kidogo tu, kwa hizo kona. Ukiigeuza kwa mwanga unaona inang'aa."

Kwenye chuma kilichooshwa kikakauka, rangi ya kucha inashika vizuri sana. Kwenye pleti iliyoloweshwa oili, kila kitu kinang'aa, kwa hiyo mimi sikuona lolote. Halafu difu ilipopata joto, rangi ikalainika.

"Kwa hivyo uliniona mwizi."

"Fundi, mimi sikujui," alisema, na hakupandisha sauti. "Mimi najua mami."

Nilikasirika, na sitaki kuwaficha. Nilitoka nikasimama nje ya geti. Miaka yote ile, chai ya saa nne, benchi, mwavuli, halafu mtu anapaka kazi yangu rangi nikiwa nimekwenda kuswali. Nilitaka nimwekee vyuma vyake kwenye karai aondoke navyo. Nilisimama hapo nikitazama magari mpaka nikakumbuka siku nilipompeleka mke wangu kupasuliwa, jinsi nilivyomuuliza daktari jina lake, akanijibu, nikaenda kumuuliza nesi kama kweli hilo ndilo jina lake. Yule daktari pia hakuwa amenikosea kitu. Nikarudi ndani.

Mutua alikuwa ameanza kuosha pleti kwa petroli, na gundi ile ilikuwa inatawanyika tu, inahama kutoka masikioni kwenda usoni mwa pleti. Alipoona haitoki akachukua msasa. Nikamzuia. Pleti ukiipiga msasa umeipunguza unene, na hapo hesabu yote ya ndani inaharibika, afadhali ungerudisha zile za zamani.

"Hiyo haitoki na petroli," alisema Wanjiru. "Na msijaribu kukwaruza. Leteni hapa."

Alifungua mkoba wake, akatoa chupa ya dawa ya kuondolea rangi na bunda la pamba, akaja kukaa kwenye meza yangu ya kazi, mahali ambapo mteja hajawahi kukaa. Akaviringisha pamba kidogo kwenye kijiti, akaibonyeza juu ya sikio la pleti na kuiacha hapo kwanza, kama mtu anayesubiri kidonda kikubali. Halafu akaivuta mara moja, kutoka ndani kwenda nje, ili isipake uso wa pleti. Sikio likatoka safi. Akatupa ile pamba, akachukua nyingine. Mutua alijaribu kumsaidia, akapokonywa kijiti.

"Wewe unasugua. Hii haisuguliwi."

Kila aliyoimaliza alinipa, nami nilifumba macho nikaipapasa pande zote. Nilimrudishia moja. Aliichukua, akarudia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akitazama mikono yangu. Nami sikuwa na la kumfundisha. Nimefanya kazi na mafundi wengi wenye majina makubwa, na wachache wangeweza kusafisha seti ile kama alivyoisafisha. Hasira yangu iliishia hapo mezani, sijui kwenye pleti ya ngapi.

Jua lilikuwa linashuka tulipofika tena uwanjani. Difu ilizunguka kushoto, ikazunguka kulia, kimya. Nikamwambia alale gereji karibu na gari kama bado ana wasiwasi. Akacheka kwa mara ya kwanza, akaniambia atakuja kunichukua alfajiri. Kwa maana nilikuwa nimeshamweleza sheria ya Kamande, na barabara ya gari lile ilikuwa Gatuanyaga.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri tuliondoka, Wanjiru akiendesha. Mvua ilikuwa imekatika, lakini ilikuwa imeshafanya kazi yake. Baada ya lami kuisha, udongo ulikuwa unameta. Tulishuka bondeni na kuvuka kijito, maji yakagusa chini ya milango, tukafika kwao. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni na kiondo chake mapajani, amevaa leso na koti, na miguuni makubadhi makubwa ya kiume. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Huyu ndiye fundi?" aliuliza.

"Ndiye, mami."

"Na mbona amekuja na gari? Ama bado haijapona?"

"Imepona, mama," nikamwambia. "Nimekuja kuona inapoishi."

"Haya. Mimi nilifikiri fundi akishapewa gari ndio haonekani tena."

Tulimketisha kiti cha nyuma. Tulipofika chini ya mlima ule, pikapu moja ilikuwa imekwama kando, dereva wake amekunja suruali, anatutazama kwa huruma ya mtu anayengoja mwenzake. Wanjiru akasimamisha gari. Niliona vidole vyake vimekaza usukani, na kucha mbili zilikuwa zimevunjika, za kazi ya jana.

"Gia ya pili," nikamwambia. "Usikanyage sana, na usiachilie. Ikianza kuteleza usiogope, iachie difu kazi yake."

Tulipanda. Katikati, gurudumu la kushoto likazama. Nikalisikia linaanza kuzunguka, ile sauti ya bure ambayo kila mtu wa udongo mweusi anaijua, na matope yakapiga mlango. Nyuma, mama alikuwa anaomba kwa Kikuyu. Wanjiru alitaka kukanyaga, nikaweka mkono hewani, asubiri. Halafu tukahisi chini yetu, kwa makalio kabla ya masikio, kitu kikishika. Gurudumu la kulia likachukua mzigo. Gari likatikisika mara moja, likajinyoosha, likapanda lote, pole pole, mpaka juu.

Nilifurahi kiasi cha kutaka kushuka nicheze. Sikushuka, nilikuwa nimevaa viatu vya Ijumaa. Wanjiru alifuta viganja kwenye sketi, akaendelea kuendesha, machozi yakimtoka, na mama akasema kutoka nyuma, "Kwani sasa unalia ya nini, na tumeshapita?" Tulifika hospitali kubwa ya Thika kabla zamu yake haijaitwa. Nesi alimtazama miguu, akamtazama usoni, akamwingiza moja kwa moja.

Tangu hapo nilibadilisha kitu kimoja gerejini, na nyinyi mliokuja baadaye mmekikuta bila kujua kilikotoka. Mteja akitaka kuweka alama, mpeni nafasi aiweke mbele yenu, kwenye nyumba ya nje ya kifaa, kabla hakijaoshwa. Msimnunie. Mnataka awaamini, na mmemjua kwa muda gani? Na pleti zikishaoshwa, mtu mmoja abaki nazo, hata iwe Ijumaa.

Wanjiru aliendelea kuniletea gari kubadilisha oili ya difu kila msimu wa mvua ulipokaribia. Alikunywa chai na hakuweka tena alama. Mvua kadhaa zilipita hivyo.

Halafu siku moja ya kiangazi alikuja bila kupiga simu. Nilikuwa chini ya gari la mtu, nikaona viatu vyake, nikatoka. Aliniambia mama yake amefariki hospitalini, moyo ulichoka, wamemzika juzi. Nikampa pole. Nilidhani amekuja kuniuliza kama namjua mtu wa kununua gari, na nikaanza kufikiria nani.

"Hapana," alisema. "Nimekuja kukwambia kitu moja. Kutoka ile Jumamosi mpaka mwisho, mami hakukosa siku yake hata moja sababu ya barabara. Nilitaka uskie."

Nililia pale pale mbele ya wateja, spana ikiwa mkononi, na Mutua akaenda akazima kompresa.